Tupeane uzoefu: mnalima wawili, pesa ya mavuno anashika nani?

Mwana Muheza:
Habari zenu wana Tanga. Huku kwetu mnunuzi wa machungwa huja yangali machanga mtini, anakagua mistari, anapatana na baba, analipa. Mama aliyepalilia, na aliyepanda mihogo na kunde katikati ya miti ili nyumba isilale njaa, anaitwa alete maji ya kunywa. Nimekua nikiliona hili na linaniuma. Kwenu ikoje? Wanaume pia msimulie.

Dada wa Soni:
Mume ana kabichi na karoti zake, mimi nilipewa kipande cha bondeni nilime maharage ya kula. Yakizidi napeleka debe gulioni, napata sabuni na madaftari ya watoto. Maharage yalipopanda bei, kile kipande kikaanza kuitwa "shamba letu". Akapima yeye, akapakia garini yeye, nilipouliza hesabu nikaambiwa namwona mwizi. Jembe lilibaki kwangu. Kaka zangu, sikatai kuwa ni letu. Nataka nijue tumeuza kwa ngapi, na mtoto akihitaji sare nisiombe kama mgeni.

Mzee wa Handeni:
Wanangu, nyumba ina kichwa kimoja. Mahindi yakikauka kwa jua, wadai wanamtafuta mume, hawamtafuti mke.

Dada wa Soni:
Shikamoo mzee wangu. Wanamtafuta yeye, kweli. Ila deni la mbolea lilipotubana, aliyekwenda kibarua kupalilia mashamba ya watu ni mimi.

Mkulima wa Amani:
Sisi iliki na pilipili manga tunaandika kwenye daftari moja, mimi na mke wangu. Alilianzisha yeye alipojiunga na vikoba. Kijiweni wanasema nimekaliwa. Waseme, siuzi kilo bila yeye kujua.

Mtendaji mstaafu, Korogwe:
Mashamba yakipimwa ili watu wapate hatimiliki za kimila, nimeona akina mama wengi wakikaa pembeni, mume anataja jina lake tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi, na hati inaweza kubeba majina yote mawili. Hata Baraza la Ardhi la Kijiji, kati ya wajumbe 7, wanawake ni 3. Na wewe mzee mwenzangu wa Handeni, Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sembuse jembe?

Dada wa Soni:
Kwetu upimaji umeshatangazwa. Niende mwenyewe kuonyesha mipaka?

Mtendaji mstaafu, Korogwe:
Nendeni wote wawili, mwanangu. Akigoma, lifikishe kwenye baraza mapema, kabla hati haijaandikwa.