Kumpeleka papa Bisbee na motoka ya kukodi, kwenda na kurudi siku moja

Mama wa Mapacha, Tucson:

Jambo yenu wote. Papa yangu anafika kutoka Lubumbashi mwanzo wa Julai, atakaa juma tatu. Alitumika ku mgodi wa Kipushi, kule kwetu Katanga, chini ya udongo miaka mingi, sasa nilimwambia ku telefoni kama hapa Arizona kuko mji wa zamani wa shaba katikati ya jangwa, Bisbee, na mtu anaweza kuingia ndani ya mgodi, tangu ile siku kila tukiongea anauliza safari ni siku gani. Motoka yetu imechoka, ikipanda mlima inapata moto, sitaki ituzimikie njiani na muzee ndani. Nani alishakodi motoka hapa? Bei ya siku moja naiona, ninachoogopa ni yale mambo wanaongeza pale mezani wakati wa kusaini kontra. Tena nasikia wapolisi wa mpaka wanasimamisha watu kule. Tafazali munisaidie.

Ule wa Kipushi, Tucson:

Mama, jambo. Mimi nilienda na baba mdogo mwaka uliopita, naandika kirefu juu mimi nilikosa mtu wa kuniambia.

Naanza na karatasi. Kwenda hakuna atakayekusimamisha, ni kurudi. Ku barabara ya 80, ukishatoka Tombstone unaelekea Benson, kuko kizuizi cha polisi wa mpaka, motoka zote zinapunguza mwendo na wanauliza kama wewe ni raia. Papa awe na paspoti yake yenyewe yenye viza, picha ndani ya telefoni haitoshi, na ile I-94, rekodi ya kuingia kwake Amerika, muichapishe ku karatasi. Wewe na mume wako mukiwa na grini kadi mubebe zenyewe, sheria inasema mwenye miaka 18 na zaidi atembee nayo kila siku, ila wengi wetu tunaifungia ndani ya sanduku nyumbani. Shusha kioo, jibu kile umeulizwa, basi. Sisi ilikuwa dakika mbili, lakini baba mdogo alikuwa ameshika ile paspoti kwa mikono miwili tangu Tombstone, na jasho ilikuwa inamtoka. Umuelezee muzee mapema, nyumbani, ili asishituke akiona mbwa na watu wa silaha.

Motoka sasa. Ukiwa na karti ya kredi tumia hiyo, usiende na debiti kama mimi. Mimi walinifungia dola 300 ku konti kama garanti, zikarudi kisha siku nane, na ile juma nilikuwa nahesabu sarafu ya chakula ya watoto. Mbele ya kwenda pigia simu asiransi yako ya kila siku, waulize kama inafika mpaka ku motoka ya kukodi, juu mara nyingi ukiwa na asiransi kamili inafika, na pale mezani watataka kukuuzia nyingine tatu, bei inapanda mara mbili. Kama mume wako naye ataendesha, jina lake liandikwe mu kontra, bila hivyo akigonga wanaweza kukataa kumlipia.

Halafu, na hii nakuomba sana mama, usiondoke pale bila kupiga video. Zunguka motoka yote polepole, rimu nne, paa, kioo cha mbele, chini ya bampa, na geji ya mafuta na kilometa zionekane. Mimi kwenye kioo cha pembeni kulikuwa mukwaruzo mrefu kama kidole, yule kijana akasema hakuna shida, si kitu. Kisha juma mbili barua ikafika, dola 240. Niliwatumia ile video na saa yake, wakafuta. Bila video ningelipa, najua kabisa.

Njia yenyewe ni nyepesi. Barabara kubwa ya I-10 kuelekea mashariki, mashimo hakuna, péage hakuna (si kama kwetu, ukienda Likasi tu unashalipa), unatoka Benson ku njia ya kutokea namba 303, unashika barabara ya 80 mpaka Tombstone kisha Bisbee. Ni kama kilometa 150 kwenda. Ongeza mafuta Benson, na maji muweke mingi, chupa nne nne kwa mtu, Julai joto ya Tucson munaijua. Toka asubuhi sana. Julai mvua inanyesha saa za mchana, inakuja kwa nguvu na ile mito mikavu inajaa ghafula, ukikuta wameziba barabara usizunguke kizuizi hata kama maji yanaonekana kidogo, hapa Arizona ukikwama mule wanaweza kukulipisha gharama ya kukuokoa. Na vumbi ikikufunika ku I-10 toka kabisa nje ya barabara, simama, zima taa zote, toa mguu ku breki, vuta breki ya mkono. Taa ukiacha, wa nyuma anakufuata akizani uko barabarani, anakugonga.

Tombstone musimame saa moja, inatosha. Watalii wanaenda kuona pale watu walipigana na bunduki tarehe 26 Oktoba 1881, watatu wakakufa, ilichukua nusu dakika hivi. Baba mdogo ile hadisi haikumshika. Kilichomshika ni kusikia mji ulikufa sababu ya maji: walikuwa wanachimba feza, wakafika ku maji, mapompi makubwa yakaungua 1886 na mgodi ukazama. Alisimama pale ku jua akasema, "Ni Kipushi yetu hii." Unajua 2011 pompi kubwa ilikufa Kipushi na maji yakapanda, yeye alikuwa ameshatoka mu kazi zamani lakini aliongea habari ya ile pompi mpaka tukafika Bisbee, kama mtu anaongea habari ya ndugu aliyekufa.

Bisbee utaipenda. Unapita mu tuneli ndani ya mlima, ukitoka unaona nyumba zimepangwa juu ya miamba na ngazi nyingi nyingi, iko karibu mita 1,700, juu kupita Lubumbashi, hewa nzuri. Ku mgodi wa Queen ukate nafasi mapema. Wanawapatia kofia, taa na koti ya manjano, munapanda gari-moshi kadogo, munakalia kama mu farasi, linaingia ndani ya mlima kama mita 450. Ndani ni baridi, digri 8 tu, pulova ni lazima. Mapacha wako kama hawajafika miaka 6 hawataingia, mmoja wenu atabaki nao nje.

Mule ndani yule anayetembeza alionyesha matundu ya kutia baruti, akaanza kueleza. Baba mdogo akanivuta mkono, mwambie ile ya katikati njo inalipuka ya kwanza, inafungua nafasi, zile za pembeni zinafuata, za chini mwisho. Nikatafsiri. Yule mzungu akanyamaza, akamuuliza alijifunza wapi. Baba mdogo akatia kidole ku ukuta pale jiwe lilikuwa na ujani wa shaba, akasema "Katanga". Walishikana mikono, wakaendelea kuonyeshana kwa vidole, mimi sikutafsiri tena, hawakunihitaji.

Sasa mama, kuna jambo la mwisho na sikutaka kuliacha. Mu muzeyo ya mji kuna historia ya tarehe 12 Julai 1917. Wachimbaji walikuwa mu grève (mgomo), watu wenye silaha wakawatoa manyumbani asubuhi, wakawakusanya ku stadi (uwanja wa michezo) ya Warren, zaidi ya 1,000, Wamexiko wengi na watu wa Ulaya, wakawapakia ndani ya mabehewa ya ng'ombe, wakawatupa mu jangwa ya New Mexico. Kuko picha ya ile gari-moshi. Baba mdogo ni mtu wa Kasai, alizaliwa Likasi, na mu 1992, wakati Wakasai walifukuzwa Katanga, alilala ku stasioni ya Likasi na watoto akingojea gari-moshi ya kumuondoa mu mji aliozaliwa. Alisimama mbele ya ile picha muda mrefu, sikujua nifanye nini. Kisha akatoka kukaa ku ngazi. Sikukuambia ili umfiche papa. Familia yenu ile miaka ilikuwa wapi, siulizi. Lakini umuambie mbele, mkiwa wawili, achague mwenyewe kuingia ao kubaki nje. Mimi sikumpa baba mdogo ile nafasi na bado inaniuma.

Mwana Katuba, Phoenix:

Yaya wa Kipushi amesema yote, naongeza kidogo. Ile kampuni iliyokuwa Bisbee, Phelps Dodge, njo ileile ilifika kwetu ku mgodi wa Tenke Fungurume, 2007 Freeport-McMoRan ya hapa Phoenix ikanunua Phelps Dodge, kisha 2016 Tenke ikauzwa kwa Wachina. Muzee atapenda kujua. Na mama, watoto chini ya miaka 8 sheria inataka kiti chao, kama hawajapita futi 4 na inchi 9. Kiti cha kukodi ni bei kila siku, chukua vya nyumbani. Musiingie Naco, ule mji wa mpakani, upande wa Mexico na ile motoka, kontra nyingi zinakataza, halafu viza ya papa inaweza kuleta mambo.

Kaka yake Mama wa Mapacha, Lubumbashi:

Jambo wandugu, asanteni juu ya muzee. Goti yake ya kushoto si nzuri, zile ngazi mumuache pole. Ile ya 1917 nilimsomea jana jioni hapa nyumbani. Alinyamaza, akaniambia na 1941 hapa kwetu pia walikusanywa ku stadi, wale wachimbaji wa kampuni Union Minière, na wakapigwa risasi, baba yake alimsimulia. Amesema ataingia. Tena ametoa kofia yake ya Kipushi mu kabati, anaipanguza, anauliza kama wanakubali ku ndege na kama kule mgodini wataacha aivae.

Ule wa Kipushi, Tucson:

Ku ndege aiweke ndani ya valiji ya chini, katikati ya nguo. Mgodini watataka avae ya kwao sababu ya taa, hiyo yake aishike mkononi. Mama, ukipata tarehe niandikie, kama ni siku ya mapumziko yangu nakuja na baba mdogo, motoka mbili.

Mama wa Mapacha, Tucson:

Ni tarehe 11, Jumamosi. Muje. Nitapika sombe (majani ya muhogo) usiku wa mbele, tutakula Benson.