Maghorofa ya vioo Posta: nani aliwadanganya kwamba Dar ni Dubai?

Wakuu, nina hasira na leo nazitoa zote. Mods naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la picha, humu hatuji kusifia majengo.

Panda pantoni kutoka Kigamboni asubuhi, simama mbele, tazama mjini. Zamani jicho lilikuwa linatua kwenye mnara wa Azania Front na vigae vyake vyekundu, halafu St. Joseph. Makanisa yale yana zaidi ya miaka 120 pale. Leo unaona minara pacha ya PSPF, uliokuwa mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ghorofa 35, na jengo la Mamlaka ya Bandari linalopita mita 150. Makanisa sasa unayatafuta. Na hao wakubwa wakishasimama, kila mwenye kiwanja naye anataka kioo chake.

Kwa urefu sina ugomvi. Kiwanja cha Posta ni ghali, jenga juu uwezavyo. Ninachouliza ni hiki: kwa nini kila ghorofa jipya ni kioo kitupu kuanzia chini mpaka juu, pande zote nne, bila hata kijibaraza cha kukinga jua?

Dar iko karibu nyuzi 7 tu kusini ya ikweta. Jua la saa kumi jioni linakuja chini chini na kupiga ukuta wa magharibi moja kwa moja. Ukiweka kioo upande ule, joto linaingia na halitoki, maana madirisha hayafunguki. Upepo wa bahari upo hatua chache tu, bure kabisa, nao umefungiwa nje. Ninafanya kazi kwenye moja ya hayo maghorofa, silitaji maana ugali wangu uko humo. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa tunakuwa kama maji ndani ya chupa ya chai. Na mnajua tumefanya nini na hicho kioo cha "mandhari ya bahari"? Tumekibandika maboksi ya karatasi za printa! Ofisi ya kifahari, mchana kweupe tumewasha taa, AC inanguruma tangu saa mbili asubuhi. Dubai wana mafuta yao, waache wajipoze wanavyotaka. Sisi tuna LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya mambo yalishajulikana hapa hapa. Nenda Old Boma, Sokoine Drive, hapo hapo mjini, jengo la miaka ya 1860 zama za Sultani Majid. Kuta nene za mawe ya matumbawe, dari la boriti, ukiingia unasikia ubaridi. Mtasema ni mambo ya kale. Haya, soko la Kariakoo la msanifu Beda Amuli, miaka ya sabini, zege tupu: paa la miavuli mikubwa, pembeni wazi hewa ipite, maji ya mvua yanateremkia kwenye tangi chini ya soko. Liliungua Julai 2021, lakini kwa miaka yote ile wauza nyanya walipata hewa kuliko mimi mwenye kitambulisho cha shingoni. Mtanzania alishatuchorea jibu, sisi tukaenda kununua vioo.

Halafu suala la hela. Mengi ya maghorofa yale yamejengwa na mifuko ya hifadhi ya jamii, yaani makato ya mwalimu na nesi. Kuna mwalimu yeyote aliwahi kuonyeshwa mchoro kabla ya msingi kuchimbwa? Sisi mchoro tunauona umebandikwa kwenye uzio wa mabati, anga la bluu, miti ambayo haitapandwa, wazungu wanatembea na mbwa. Mbwa, Posta!

Najua mnaokuja. Wa kwanza atasema wivu. Wa pili atasema "hamia kijijini". Na kuna vijana humu wameweka minara ile kwenye profile na wanaipenda kweli kweli, wanasema sasa tukipigwa picha kutoka baharini tunaonekana jiji. Siwalaumu, usiku na taa zake inapendeza, nami nimewahi kuipiga picha. Ila picha inapigwa usiku, kazi tunafanya mchana.

(Atakayeleta habari ya jengo lililoanguka Kariakoo Novemba 2024, afungue uzi wake. Ule ni msiba na unahusu uimara, tusiuchanganye na huu.)

Wasanifu na wahandisi mliomo humu, najua mpo, kwenye uzi wa kubeti hamkosi. Nijibuni mawili tu. Nani hasa anaamua kioo kiende upande wa magharibi, ni nyie au ni mwenye hela? Na anayepitisha kibali, huwa anaangalia jua linakotokea au anaangalia mhuri umekaa vizuri?

Asiye na jibu apite kimya.