Mjadala: Gharama ya kulelewa mtoto mzazi akiwa kazini ibebwe na nani?

Mama Mapacha (mleta mada)

Wadau, habari zenu. Juzi kazini mwenzetu aliyerudi kutoka likizo ya uzazi alituambia ada ya kituo anakompeleka mtoto imepanda tena, na sasa inaukaribia mshahara wake. Mtu mmoja tunayemheshimu akamjibu: "Kama huwezi kumlipa mlezi, ulizaa ya nini?" Watu wakanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na tangu siku hiyo najilaumu.

Swali langu: gharama hii ni ya mzazi peke yake, au jamii nzima inapaswa kuchangia? Mimi nasema jamii ichangie.

Kwanza tujue kwa nini ada inapanda. Wengi tunadhani ni tamaa ya wenye vituo. Wenye tamaa wapo, sikatai, lakini hata kituo kisichotafuta faida hupandisha ada. Mchumi William Baumol alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1960: kuna kazi ambazo haziwezi kuharakishwa kwa mashine. Kiwandani, mtu mmoja leo anatengeneza bidhaa nyingi kuliko babu yake. Lakini mtoto mchanga anabebwa leo kama alivyobebwa enzi za babu, na mikono ni miwili tu. Kule England sheria inataka mtu mzima mmoja kwa kila watoto 3 walio chini ya miaka 2. Maana yake mshahara wa mlezi mmoja wanaugawana wazazi watatu, na bado hujaweka pango, chakula wala bima. Kazi nyingine zikiongeza mishahara, mlezi naye asipoongezwa anaondoka. Kwa hiyo ada inapanda, na yeye bado analipwa kidogo.

Hapo kwenye kulipwa kidogo ndipo panaponiuma. Siku moja nilichelewa kuwafuata wanangu. Nilimkuta mlezi wao ameketi sakafuni, mmoja kamlalia kifuani, mwingine kamshika kidole, na kwa mkono uliobaki anajaza daftari la siku: kala saa ngapi, kabadilishwa nepi mara ngapi. Simu yake ikaita. Alikuwa bintiye wa miaka 10, anauliza mdogo wake analia, ampe nini. Yaani huyu anayenilelea wanangu, mwanawe wa mwisho analelewa na mtoto mwenzake. Nikatia sahihi, nikalipa faini ya dakika 20. Nilikuja kujua baadaye kwamba faini ile haimfikii yeye kabisa.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosema dawa ni kumwongezea mlezi idadi ya watoto. England mwaka 2023 waliruhusu mlezi mmoja wa watoto wa miaka 2 atoke watoto 4 hadi 5. Mikono haikuongezeka.

Mzazi amefika mwisho wa uwezo wake, na mlezi hana cha kupunguziwa. Lazima mfuko wa tatu uingie. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Kutoka hapo mpaka shule ya umma impokee mtoto ni miaka, na ndiyo miaka ambayo mtoto anahitaji mikono mingi zaidi huku wazazi wengi wakiwa bado wadogo kazini. Naomba kuwasilisha. Mnaopinga, pingeni kwa hoja.

Mlipakodi

Dada, nimesoma mpaka mwisho, na habari ya huyo mama imenigusa. Ila mimi sina mtoto, na si kwa kupenda kwangu. Nikiambiwa nichangie ili nyumba yenye mishahara miwili ipunguziwe ada, inaniuma mara mbili. Na yule mzazi aliyeamua kubaki nyumbani na mwanawe, akabana matumizi, yeye anapata nini?

Marekani, mwaka 1971, Kongresi ilipitisha muswada wa vituo vya malezi kwa nchi nzima. Rais Richard Nixon akaukataa Desemba ile, hoja yake mojawapo ikiwa kwamba serikali isiweke uzito wake upande wa malezi ya pamoja dhidi ya malezi ya familia. Mlaumuni mtakavyo, lakini ukilipia kituo peke yake umeshamchagulia mzazi. Kama ni kutoa, mpeni fedha mkononi aamue mwenyewe.

Bibi wa Wanne

Wanangu, mnaongea kama sisi hatupo. Kila ada ikipanda, neno la kwanza ni "tumpeleke kwa bibi". Nawapenda wajukuu zangu kuliko ninavyoweza kusema. Lakini nina miaka 63, magoti yananisumbua, na nilikuwa na cherehani iliyokuwa inaniingizia riziki. Sasa imefunikwa kitambaa, kwa sababu mtoto wa mwaka mmoja huwezi kumpa mgongo hata kidogo. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimepoteza kiasi gani. Mkipiga hesabu zenu, na mimi mniandike.

Baba Zamu

Sera naziunga mkono, ila ada inadaiwa mwezi huu. Niseme tulivyofanya sisi.

Mimi na mke wangu tulikosea hesabu kwa muda mrefu. Ada tulikuwa tunailinganisha na mshahara wake peke yake, tunaona anafanya kazi bure, heri aache. Mbona hatukuilinganisha na wangu? Mtoto ni wetu sote. Halafu akiacha hapotezi mshahara wa leo tu. Anapoteza michango ya pensheni na kupanda cheo, na kurudi baada ya miaka mitatu si kazi ndogo. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwamba siku hizi sehemu kubwa ya pengo la kipato kati ya mwanamke na mwanamume hufunguka mtoto wa kwanza anapozaliwa. Kwetu lilikuwa linafunguka mezani, kwa kalamu yangu mwenyewe.

Tukapanga zamu. Mimi naingia kazini alfajiri, yeye saa nne, kituo tunalipia nusu siku. Imetuokoa, lakini si bure: kwa miezi sita tulikuwa tunapishana mlangoni, mtoto anatoka mkono huu kwenda mkono ule.

Rafiki zetu wanashirikiana yaya mmoja kwa nyumba mbili. Ni njia nzuri mkiandikiana mapema: mtoto mmoja akiugua nani anabaki naye, nyumba moja ikijitoa inatoa notisi ya muda gani, yaya akienda likizo analipwa vipi. Na apumzike jamani. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu wafanyakazi wa majumbani, wa mwaka 2011, unataja angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Mkiamua kituo, ombeni orodha ya malipo yote kabla ya kusaini: usajili, chakula, nepi, kuchelewa, na siku ambazo kituo kimefungwa. Hizo za mwisho zilitunasa. Tulilipa wiki mbili mlango una kufuli.

Mwenye Kituo

Fungu kubwa kuliko yote kwangu ni mishahara. Nikipunguza hapo, walezi wanaondoka na watoto wanalia wiki nzima kwa kukosa sura waliyoizoea. Mfuko wa tatu naukaribisha, kwa sharti moja: ulipe gharama halisi. England, tangu Septemba 2025, wazazi wengi walio kazini wanapewa saa 30 za bure kwa wiki, wiki 38 kwa mwaka, mtoto akishafikisha miezi 9. Wenye vituo wengi wanalalamika kuwa wanacholipwa na serikali hakitoshi, na wengine wanalifidia pengo kwa wazazi kupitia chakula na vifaa. Neno "bure" hapo linahitaji kusomwa taratibu.

Mama Mapacha

Bibi, shikamoo. Umenisema na mimi. Mama yangu alikaa na wanangu mwaka mzima, na hesabu yake sikuwahi kuiandika popote.

Kaka Mlipakodi, pole kwa hilo ulilolibeba. Kuhusu mzazi anayebaki nyumbani una hoja, naye angepewa chake. Ila fedha mkononi hainunui nafasi ambayo haipo. Ujerumani, tangu Agosti 2013, mtoto akitimiza mwaka mmoja ana haki kisheria ya kupata nafasi, lakini nafasi hazikutosha. Kesi ya akina mama watatu wa Leipzig ilifika mahakama ya juu ya shirikisho, na mwaka 2016 ikaamuliwa kwamba mzazi anaweza kudai fidia ya mshahara alioukosa iwapo kukosekana kwa nafasi ni kwa uzembe wa mamlaka ya eneo lake. Hiyo ndiyo haki ninayoitaka, yenye mtu wa kuulizwa.

Na kuna jambo linalonisumbua mwenyewe, nisilifiche. Jimbo la Quebec huko Kanada lilianzisha malezi ya dola 5 kwa siku mwaka 1997. Akina mama wengi waliingia kazini. Lakini wachumi Baker, Gruber na Milligan walichapisha utafiti mwaka 2008 wakaona watoto wa huko wameongeza wasiwasi na ugomvi. Wengine wanaujibu kwamba tatizo ni ubora uliotofautiana kati ya kituo na kituo. Mimi naegemea hapo, kwa sababu nimeona mlezi aliyechoka anavyokuwa ikifika saa kumi jioni. Ada ikishuka bila mlezi kulipwa vizuri, tutakuwa tumemhamishia mtoto deni letu.

Kesho asubuhi nikiwapeleka wanangu nitamuuliza mwenye kituo mambo mawili: mlezi analipwa siku anazougua? Na mwanawe anaweza kukaa pale kwa ada nafuu? Nikijibiwa nitawaletea hapa. Kama kituo chenu kimeshaliweza hilo la pili, niambieni kilifanyaje.