Cheni ya katapila imetoka: gumzo la kikundi cha Wajukuu wa Babu

*Jumanne asubuhi*

Kaka (Ifakara): Shikamoo Babu, shikamooni wote. Cheni ya kushoto ya katapila imetoka kwenye aidla, lile gurudumu la mbele. Nilikuwa nakata kona kwenye tope la majaruba, nikasikia kishindo. Nataka nijaze grisi ikaze, halafu niirudishe kwa mtaimbo.

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Zima mashine. Usijaze grisi hata kidogo. Cheni hairudi mahali pake ikiwa imekazwa, inarudi ikiwa imelegezwa.

Babu: Na kabla hujagusa valvu ya grisi soma hapa taratibu. Grisi iliyobanwa mle ndani inatoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Simama pembeni, fungua raundi moja tu, uiache ijitokee yenyewe. Usichungulie. Usipeleke kidole.

Shangazi (Morogoro): Mwanangu sikia maneno ya babu yako. Tumepokea wodini kijana aliyeingiwa na grisi kidoleni, tundu dogo kama la sindano, hakuwa hata na maumivu makubwa. Akalala nyumbani siku mbili. Kidole kikakatwa. Ikikugusa ni hospitali saa ileile.

Kaka (Ifakara): Nimeelewa Shangazi. Nimesimama nyuma, inatoka.

Babu: Sasa niambie. Mara ya mwisho ulijaza grisi lini?

Kaka (Ifakara): Jana. Najaza kila asubuhi Babu, wiki ya pili hii.

Babu: Kila asubuhi? Na ilikuwa inakwenda wapi?

Kaka (Ifakara): 📷 Nimefungua kile kifuniko cha juu. Kumejaa grisi iliyochanganyika na udongo.

Babu: Basi sili ya pistoni imekufa, ule mpira unaoizuia grisi isivuje pale inaposukuma aidla mbele kukaza cheni. Unajaza asubuhi, mchana imeshavuja, cheni inalegea, ukikata kona kwenye tope inapanda juu ya aidla. Kwa kuwa imeshatoka, usiirudishe leo. Badilisha sili kwanza, la sivyo Ijumaa utatuandikia haya haya.

Baba Mdogo (Dar): Niko karibu na Gerezani. Nitumie namba iliyogongwa kwenye kibati cha mashine. Modeli za D6C na D6D wauzaji wanazichanganya kila siku.

Kaka (Ifakara): Nakutumia pembeni Baba Mdogo. Ahsante sana.

Babu: Ukiitoa pistoni, ile springi kubwa ya nyuma boliti zake usiziguse. Imebanwa kwa tani nyingi, ikifyatuka inaua. Na ukinyanyua mbele kwa kukandamiza bledi chini, weka magogo chini ya fremu ndipo usogee. Haidroliki usiiamini.

*Alhamisi*

Kaka (Ifakara): Sili imefika na basi, fundi amekuja, imeingia. Tumekwangua tope lote, cheni imerudi kwa mtaimbo na kusogeza mashine polepole. Sasa nikaze kiasi gani?

Babu: Nenda mbele kidogo ndani ya tope lile lile unalofanyia kazi, uiache isimame yenyewe bila kukanyaga breki. Weka ubao ulionyooka juu ya cheni, kutoka rola ya juu inayobeba cheni hadi aidla. Pima pale ilipobonyea zaidi. Sentimita 4 hadi 5 na nusu inatosha. Ukipima ikiwa safi halafu tope likajaa kwenye sproketi, lile gurudumu la meno la nyuma, cheni itajikaza kama waya na kula bushi, vile vibomba vinavyozunguka pini.

Kaka (Ifakara): 📷 Sentimita 5.

Babu: Vizuri sana. Na urefu wa cheni kati ya pini umepima, tujue imelika kiasi gani?

Kaka (Ifakara): Ndiyo. Nimeivuta cheni ikakaza, nikapima hatua nne, pini hadi pini. Milimita 824.

Babu: Mpya ni kama 812, yaani 203 kila hatua. Imerefuka milimita 12, na hii ni cheni kavu, haina mafuta ndani. Mkimaliza shamba hilo ipelekeni kwenye presi, mashine ya kusukuma pini, ili pini na bushi zigeuzwe upande wa pili. Bushi inageuzwa ikiwa bado ina nyama. Ukingoja ipasuke, unanunua cheni nzima.

Baba Mdogo (Dar): Presi ya cheni naijua moja hapa mjini. Nitauliza bei kesho, tuchange.

Shangazi (Morogoro): Mimi nimo.

Kaka (Ifakara): Babu, kwa nini upande wa bushi unaogusa sproketi umelika upande mmoja tu?

Babu: Kwa sababu ya kurudi nyuma. Cheni inalika zaidi unaporudi kuliko unaposukuma, na wewe unarudi kwa gia ya tatu, nilikuona mwaka jana. Rudi kwa gia ya kwanza. Na panga kazi ili usirudi mtupu shamba zima.

Kaka (Ifakara): Sawa Babu. Nawasha sasa, gia ya kwanza.