Kwa nini bingwa wa mechi 12 ahuzunike kwa mechi moja?

Mgosi wa Chumbageni
Ndugu zangu, salamu kutoka Tanga. Mimi ni shabiki wa Coastal Union tangu utotoni, na mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono na kuangushana, nimeanza kuufuatilia karibuni tu kwa sababu ya kijana wangu. Yeye ni mpenzi wa Army, timu ya chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu kilichoko West Point, kando ya mto Hudson. Katika msimu wa 2024 timu hiyo ilishinda mechi 12, ikapoteza 2 tu, na kutwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Hata hivyo, kijana akiuzungumzia msimu huo, huanza na kipigo cha 31 kwa 13 kutoka kwa Navy, chuo cha wanamaji. Je, ubingwa hautoshi?

Baharia wa Raskazone
Mgosi mwenzangu, swali lako nalipokea kwa heshima, kwa kuwa jibu lake unalo mwenyewe. Siku Coastal inapokutana na African Sports pale Mkwakwani, nani hutazama msimamo wa ligi? Army na Navy walianza kukutana mwaka 1890, na ingawa sasa wako ligi moja, mechi yao ya Desemba haihesabiwi katika pointi za ligi hiyo. Army waliifunga Tulane 35 kwa 14 katika fainali ya tarehe 6 Desemba, na siku 8 baadaye wakaangushwa na mahasimu wao. Kipenga cha mwisho kikilia, timu zote mbili husimama pamoja mbele ya wanafunzi wa chuo kilichoshindwa na kuimba wimbo wa chuo hicho, kisha huenda upande wa washindi. Kwa hiyo heshima ni wimbo wenu kuimbwa wa pili, na mwaka ule wa Army uliimbwa wa kwanza.

Mwalimu wa Michezo, Pangani
Naomba kutofautiana kidogo na Baharia. Uhasama huo naujua, lakini nasikitika kuona mechi moja ikifunika kazi ya miezi minne. Mwambie kijana atazame tena mechi ya tarehe 9 Novemba dhidi ya North Texas, ambayo Army walishinda 14 kwa 3. Humo kuna shambulizi moja lililosogea yadi 94 kwa majaribio 21 ya kuusogeza mpira na kutumia dakika 13 na sekunde 54, ilhali robo nzima ya mchezo ni dakika 15. Mpinzani asiye na mpira hawezi kufunga, na huo ndio msingi wa mbinu ya kocha Jeff Monken, aliyeishika timu hiyo tangu 2014. Ofisa mwanafunzi lazima afaulu vipimo vya utimamu wa mwili vya jeshi, hivyo safu yao ya mbele mara nyingi huwa nyepesi kuliko ya wapinzani. Badala ya kurusha mpira mbali, wao hukimbia nao, na kwotabeki, yaani mchezaji anayeliongoza shambulizi, huamua papo hapo, kwa kuwasoma mabeki wawili, kama aukabidhi, aubakize au amrushie mwenzake wa pembeni. Kwotabeki wao, Bryson Daily, alifunga mara 32 kwa kukimbia na mpira mwenyewe msimu huo. Mimi hilo nalistaajabia kuliko kombe lenyewe.

Mama wa Ngamiani
Wanangu, nami niongeze moja, maana nina kijana jeshini. Wachezaji hao wakihitimu hupewa kamisheni ya luteni usu na kulitumikia jeshi si chini ya miaka 5. Kwa wengi wao, mechi ya Navy huwa miongoni mwa mechi za mwisho maishani. Kidonda hicho nakielewa.

Mgosi wa Chumbageni
Shikamoo mama, na ahsanteni nyote. Mwalimu, baada ya Navy walimalizaje?

Mwalimu wa Michezo, Pangani
Tarehe 28 Desemba waliifunga Louisiana Tech 27 kwa 6 katika Independence Bowl, mechi ya mwaliko ya kufunga msimu. Huo ndio ushindi wa 12, na hakuna kikosi cha Army kilichowahi kuufikia kabla yao, hata kile cha 1944 hadi 1946 kilichotawala Marekani nzima.