Nikipimeje kihariri cha msimbo kabla ya kukihamia?

Swali: Ndugu zangu, nimezoea Visual Studio Code, lakini nafikiria kuhamia Vim kwa kazi za kila siku. Nipime mambo gani kabla ya kuamua?

Jibu la 1: Ndugu, usikipime kwa faili tupu. Fungua mradi wako halisi, pamoja na faili moja kubwa la kumbukumbu za seva, kisha uangalie kama kinakwama unapotafuta neno. Vim, iliyotolewa mwaka 1991, hutenganisha hali ya kuamuru na hali ya kuandika. Kwa hiyo siku za mwanzo utakuwa mzito (mimi nilishindwa hata kutoka), na uzito huo usiuhesabu kuwa kasoro ya programu.

Jibu la 2: Ukamilishaji wa msimbo (kihariri kukupendekezea maneno unapoandika) si tofauti kubwa tena, kwa kuwa itifaki ya seva za lugha, yaani utaratibu wa kihariri kuwasiliana na programu inayochambua msimbo, ambayo Microsoft iliitangaza mwaka 2016, huviwezesha vihariri vingi kutumia seva ileile. Ningechunguza zaidi viongezi, yaani programu ndogo zinazoongeza uwezo wa kihariri: ni nani anayevitunza, na je, huharibika baada ya masasisho?

Muulizaji: Nashukuru. Na nikifanya kazi kwenye seva za mbali?

Jibu la 1: Hapo Vim ina nafuu, maana huendeshwa ndani ya terminali yenyewe, yaani dirisha la kuandikia amri.