Kompaila kwa amri moja: go, cargo au tubaki na gcc?

Mwl_Terminali
Wakuu, heshima kwenu. Kila Jumamosi nafundisha vijana saba kuandika programu. Laptopu zao ni za RAM GB 4 na bando tunachangishana. Tunatumia gcc, kompaila ya lugha ya C, na nusu ya kipindi inaishia kueleza vibonyezo vyake -Wall, -o na -lm ni vya nini. Juzi mmoja kaandika `gcc -lm -o mzizi mzizi.c`, akajibiwa "undefined reference to sqrt". Kosa lake? -lm, inayoita maktaba ya hesabu, imetangulia faili. Mtoto wa watu yuko siku ya pili, utamweleza nini akuelewe? Nataka amri moja ya kujenga, kuendesha, kupima na kunyoosha msimbo. Nimebakiza go (ya lugha ya Go) na cargo (ya lugha ya Rust). Ipi?

KutuHaiozi
Cargo, mkuu, wala usijiulize. `cargo new jambo` inakuandalia folda, Cargo.toml na main.rs yenye salamu tayari. `cargo run`, umemaliza. Test (kupima), fmt (kunyoosha msimbo) na clippy (kushauri pa kurekebisha) zinafuata mtindo huohuo. Kwa hizo laptopu zenu kuna `cargo check`: inakagua makosa bila kuzalisha faili la kuendesha, kwa hiyo haichoshi mashine.

MamaSeva
Umeruka jambo, Kutu. Rustc, kompaila ya Rust, kwa kawaida inategemea linka ya mfumo, yaani programu inayounganisha vipande kuwa faili la kuendesha. Ubuntu mpya isiyo na gcc, `cargo run` ya kwanza tu inakujibu "linker `cc` not found". Umemkimbia gcc mlangoni, umemkuta dirishani! Dawa ni `sudo apt install build-essential`, inayoleta gcc na linka, sawa. Lakini Windows mara nyingi utaambiwa uweke Build Tools za Visual Studio, gigabaiti kadhaa, na bando la mchango litakata kabla salamu haijatokea. Go ina kompaila na linka yake humohumo. Na ukiwa Linux unataka programu ya Windows, ni `GOOS=windows go build`, basi.

KutuHaiozi
Hapo kwenye Windows dada umenikamata.

Mzee_wa_6g
Nyie mmezaliwa kwenye raha. Kabla ya Go 1 kutoka Machi 2012, tulikuwa tunaandika `6g jambo.go` (kompaila), kisha `6l jambo.6` (linka), kisha `./6.out` (kuendesha). Hiyo ni mashine ya biti 64. Ukihamia ya biti 32 unabadili tarakimu, 8g na 8l. Prosesa za ARM ni 5g. Namba zenyewe urithi wa Plan 9, mfumo endeshi wa zamani. Juu yake Makefile, faili la maagizo ya kujenga programu. Amri ya go ikaja kuyafunika yote hayo, na toleo 1.5 la mwaka 2015 likazika hata majina.

Ila mwalimu, siku moja moja wafunulie chungu. `go build -x` inaonyesha kila kinachoitwa huko chini. Kwa cargo na gcc ni `-v`. Asiyejua kuna linka humo ndani, siku ikigoma atabaki kuitazama skrini.

Chapati_C
Mbona C anasingiziwa? make, amri inayosoma Makefile, ipo tangu 1976 na kwa faili moja haidai Makefile. Andika `make mzizi LDLIBS=-lm`. Itaitafuta mzizi.c yenyewe na kuiweka -lm baada ya faili, panapotakiwa. Kijana wako asingepata lile kosa. Mkitaka kutengeneza ya Windows mkiwa Linux, kuna `zig cc -target x86_64-windows-gnu`. Zig lugha bado haijafika 1.0, sitawapa wanaoanza, lakini hiyo zig cc ni Clang (kompaila nyingine ya C) iliyofungashwa na maktaba zake, mnaitumia kwa C yenu ileile.

MamaSeva
Na siku wakianza kuandika Makefile, wakaweka nafasi badala ya tab, "missing separator" ikawatokea, usinipigie.

Mwl_Terminali
Nimeijaribu ya Chapati usiku huu, imekubali bila kelele. Basi wawili waliokwisha ianza C wanaendelea na make, watano wanaanza Go Jumamosi, na Go yenyewe nitawabebea kwenye flashi. Mzee, -x nimeiendesha kwa programu ya mistari sita, imemwaga maandishi mpaka nikasahau nilikuwa natafuta nini.

Kutu, la pembeni: folda ya target, ambamo cargo huweka inachojenga, kwenye mradi wangu wa zamani imefika GB 3. Nifute?

KutuHaiozi
`cargo clean`. Ukijenga tena itarudi, kwa hiyo kaa na chai karibu.